Watoto Wamekataa

Basi la kutoka Mwandoya liliingia Bariadi saa tisa alasiri, na Nyanjige alikuwa amesimama stendi tangu saa sita. Alivaa gauni lake la kanisani. Mkononi alishika mfuko wa maandazi manne, mawili ya Elia na mawili ya Goodness, maana aliwajua wanawe: wakishuka tu wangeuliza chakula kabla ya salamu. Abiria wakashuka mmoja mmoja, akina mama na kuku wao, mzee aliyekuwa akidai baiskeli yake ishushwe taratibu, wanafunzi wa bweni na masanduku ya bati. Nyanjige akasubiri hadi mlango ukawa mtupu. Kisha akapanda, akakagua kiti kwa kiti mpaka nyuma kabisa, akainama kutazama hata chini ya viti.

"Mama, gari limeisha hili," konda akamwambia.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kwanza mwaka 1999, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Jumapili alirudi stendi. Jumatatu akarudi tena, akiwa ameacha nguo za watu hazijashonwa. Jumanne dereva wa basi lile lile akamwita pembeni, akampa karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa Jilala, aliyekuwa mume wake, na maneno yalikuwa matatu tu: "Watoto wamekataa kurudi."

Aliisoma juani, akaisoma tena. Elia alikuwa na miaka tisa, haya. Lakini Goodness alikuwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano hukataa uji ulioungua, hukataa kuoga maji baridi, hukataa kulala wakati wenzake bado wanacheza. Hakatai mama yake aliyemwogesha na kumlisha tangu azaliwe. Kukataa kule kulikuwa kumepandwa na kupaliliwa, na aliyekupanda alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu. Nyanjige alihisi hasira ikimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, haikushuka chini ya koo.

Huyu Nyanjige alizaliwa Ngulyati, binti wa mzee Mahona, mkulima wa pamba na Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alimaliza darasa la saba akiwa na hesabu nzuri kuliko wavulana wote, na chama cha msingi kikamchukua kuwa karani wa mizani huko Dutwa. Wakulima walimpenda kwa sababu moja: hakuweka kidole. Makarani wengine waliegemea mizani kidogo, kilo mbili za mtu zikapotea hapa, tatu pale. Kwa Nyanjige, ulicholeta ndicho kilichoandikwa. Mtu akijaribu kumhonga alimfukuza kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.

Jilala alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alikuwa mcheshi na mwepesi wa kuimba, na alimwoa kwa ng'ombe ishirini na wawili. Waliishi vizuri miaka sita. Ndipo soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao wenyewe, chama cha msingi kikafunga ghala, Nyanjige akarudi nyumbani na kalamu yake. Jilala akawa wakala wa mnunuzi mmoja, akapata pikapu, akapata miwani ya jua, akapata na mwanamke wa pili, Felisita, akamjengea nyumba kijijini kwao Jilala, nusu saa kwa miguu kutoka Mwandoya. Nyanjige alipouliza, alipigwa. Alipouliza mara ya pili, alipigwa mbele ya watoto. Hakuuliza mara ya tatu. Alichukua cherehani aliyoinunua kwa mshahara wa mwisho, akachukua watoto, akapanga chumba Bariadi mjini, akaenda mahakamani.

Amri ya mahakama ilitoka mwaka 1998, na haikuwa na fumbo. Ndoa imevunjika. Watoto wakae na mama. Baba awachukue likizo ya Juni na likizo ya Desemba, awarudishe siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Juni ile Jilala aliwarudisha kwa wakati. Ila usiku wa kwanza Goodness alimuuliza mama yake, "Mama, eti wewe unafuga fisi?"

Nyanjige alicheka. Baadaye alijilaumu kwa kicheko kile kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya. Usukumani, mwanamke anayesemwa kufuga fisi ni mchawi, na neno hilo si la mzaha. Kuna vikongwe waliouawa kwa sababu tu moshi wa jikoni uliwafanya wawe na macho mekundu.

Basi baada ya ile karatasi alifunga kazi, akapanda basi kwenda mwenyewe. Alifika kwa wakwe zake asubuhi. Mama yake Jilala, bibi Milembe, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mtama.

"Mwangaluka, Mayu," Nyanjige akamsalimia, akapiga goti. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na hasira zote alizokuwa nazo hazikumfanya asahau adabu.

"Mhola," bibi akajibu bila kuinua macho. "Umefuata nini?"

"Nimefuata watoto. Shule imefunguliwa, na amri ya mahakama inasema..."

"Amri ya mahakama haikutoa mahari." Bibi akapuliza makapi. "Ng'ombe zetu ziko kwenu Ngulyati mpaka leo. Zimezaa, na wewe umetuzalia. Nyie mna ndama, sisi tuna watoto. Kila mtu ana chake."

"Mimi si ng'ombe, Mayu."

"Nani kasema wewe ng'ombe? Ng'ombe hurudi zizini jioni."

Wakati huo Nyanjige aliona kichwa kidogo kikichungulia nyuma ya ghala la mahindi. Alikijua kichwa kile hata kama kingefungwa gunia. Aliita, "Goodness!" Mtoto alimtazama, macho yakamtoka, akageuka na kukimbia huku akipiga kelele za kweli, kelele za mtoto aliyeona nyoka. Felisita alitoka ndani akamdaka. Na yule mtoto akajificha shingoni mwa Felisita akilia, "Mayu, nifiche! Mayu, nifiche!"

Nyanjige alisimama palepale kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto ambaye bado hajaanza kuhisi kuungua.

Alienda kwa mtendaji wa kijiji na nakala ya amri. Mtendaji aliisoma yote, akakubali kuwa muhuri ni halali, akaikunja vizuri akamrudishia. "Mama Elia, hii ni karatasi ya mjini," alisema. "Hapa kijijini tunaishi na watu. Pikapu ya Jilala ndiyo iliyomkimbiza mke wangu hospitali akajifungua salama. Nendeni mkaelewane kifamilia."

"Kwa hiyo mwanao alizaliwa salama, ndiyo wangu waibwe?"

"Hakuna aliyeiba. Watoto wenyewe wamekataa."

Alirudi Bariadi, akafungua shauri upya. Miezi ikapita. Mara mbili Jilala hakutokea. Mara ya kwanza alisema gari limeharibika, mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu, mwezi wa nane, alikuja, na alikuja na Elia. Mtoto alikuwa amevalishwa viatu vipya vyeusi vilivyomzidi mguu, akawa anatembea kwa kuviburuza. Alimpita mama yake mlangoni bila kugeuka. Nyanjige alinyoosha mkono, akagusa hewa.

Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimsogeza Elia karibu na meza.

"Unataka kukaa na nani, Elia?"

"Na baba."

"Kwa nini siyo mama?"

Mtoto akavuta pumzi, akanyoosha mikono chini kama anayekariri shairi mbele ya darasa. "Mama yangu hana maadili. Alikuwa anatufungia ndani anaenda kwa wanaume. Alitunyima chakula. Mama yangu ni mchawi, na sisi hatumtaki."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Maadili ni nini, Elia?"

Elia akamtazama baba yake.

"Usimtazame baba. Nitazame mimi. Umesema mama hana maadili. Maadili ni kitu gani?"

"Ni..." Mtoto akatazama viatu vyake. "Ni chakula cha watoto."

Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Nyanjige aliwageukia kwa jicho lililowanyamazisha. Hakuona cha kuchekesha. Aliona masikio ya mwanawe yamejaa jasho, akaelewa kwamba mtu mzima, tena baba mzazi, alikaa na mtoto huyu jioni baada ya jioni akimlisha maneno haya mpaka yakashika. Kumpiga mkeo ni unyama. Lakini kumfundisha mtoto kumtukana mama yake kwa maneno asiyoyajua maana, hilo Nyanjige hakulipatia jina, na hajalipata.

Hakimu hakupoteza muda. Jilala alikuwa amedharau amri ya mahakama kwa makusudi. Aende jela siku kumi na nne, na watoto warudi kwa mama yao. Askari wakamchukua pale pale. Nyanjige alifikiri ameshinda. Alimsogelea Elia, lakini baba mdogo wa mtoto alikuwa amekwisha kumtoa nje na kumrusha kwenye pikapu, na askari waliobaki walikuwa wakisubiri mtu wa kuwaambia wafanye nini. Vumbi la pikapu lile alilimeza hadi tumboni.

Siku zile kumi na nne ndizo zilizomwangamiza. Bibi Milembe aliwahamisha watoto ng'ambo ya mto Simiyu kwa ndugu, na kila alipokwenda mtu wa mahakama aliambiwa hawapo, hawajulikani walipo. Jilala alipotoka alipokewa kwa ngoma. Wakachinja dume. Na pale kwenye nyama, mbele ya ukoo mzima, watoto wakaambiwa: mama yenu amemfunga baba yenu. Hilo halikuwa la kutungwa. Kati ya yote waliyowahi kuambiwa, lilikuwa la kwanza lenye ukweli ndani yake, na ndilo lililoziba mlango.

Baada ya mwezi ikaja barua, mwandiko wa Elia mwenyewe, herufi kubwa kubwa: "Umemfunga baba. Usije tena. Mimi siyo mtoto wako." Nyanjige aliitupa kwenye jiko la mkaa. Mara akabadili mawazo, akaingiza vidole motoni kuitoa, maana ilikuwa mwandiko wa mwanawe. Alitoa kipande kisicho na neno hata moja.

Kaka yake, Ndaki, hakuwa mtu wa mahakama. "Dada, umewachekea vya kutosha," alimwambia. Mwaka 2000, siku ya mnada Mwandoya ambapo wanaume wote walikuwa kwenye ng'ombe, Ndaki aliazima pikipiki, akampakia dada yake, wakaenda moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Goodness alikuwa pale na wasichana wenzake, ndoo kichwani. Ndaki aliruka chini akambeba juujuu. Ndoo ikaanguka. Nyanjige akampokea, akamkumbatia kwa nguvu zote za siku zile zote, akisema, "Ni mimi, ni mimi mama yako, ni mimi."

"Fisi!" mtoto akapiga kelele. "Fisi amenikamata!" Akazamisha meno kwenye mkono wa mama yake mpaka damu ikatoka. Alijikojolea, Nyanjige alihisi uvuguvugu ukishuka kwenye gauni lake.

"Panda, dada! Tumeshampata, panda!"

Nyanjige akamweka mtoto chini. Goodness alikimbia bila kuangalia nyuma.

"Una wazimu?" Ndaki alifoka. "Umemwachia?"

"Nikimchukua hivi, Ndaki, kila walichomwambia nitakuwa nimekithibitisha mimi mwenyewe."

Ndaki alimnunia dada yake kwa miezi minne. Nyanjige naye alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia mtu yeyote. Jeraha la meno lilipokuwa likipona alikaa akiwaza, na kila alikopita alirudi palepale: waliweza kumpaka matope kwa sababu hayupo. Mtu asiyeonekana husingiziwa lolote. Haya. Ataonekana.

Alibeba cherehani yake, akahamia Mwandoya.

Watu wa Bariadi walimwona kachanganyikiwa. Baba yake, mzee Mahona, alimwomba arudi Ngulyati alime. Yeye alipanga kibaraza cha duka kando ya mashine ya kusaga, mahali ambapo kila mtoto wa vijiji vya karibu hupita na debe la mahindi, akaketi pale kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, akishona sare za shule. Wateja wa kwanza walikuja kumchungulia huyo mchawi. Wakakuta mwanamke mwembamba mwenye kamba ya kupimia shingoni, mkali kwa wadaiwa, hodari wa mikunjo ya sketi. Baada ya miezi michache wakawa wanakuja kwa ajili ya sketi.

Goodness alipita Jumamosi ya kwanza akavuka barabara na debe lake, akatembea karibu na ukuta wa upande wa pili. Nyanjige hakumwita. Alikuwa amejiapiza hatamwita. Aliwasalimia watoto wote kwa pamoja, "Mwangaluka!", nao wakaitika, naye akainamisha kichwa juu ya cherehani ili wasione uso wake. Jumamosi hadi Jumamosi, karibu mwaka mzima. Kuna wakati mtoto aliacha kuvuka barabara. Kuna wakati akawa anasimama kidogo kutazama gurudumu la cherehani likizunguka. Elia hakupita hata mara moja. Alizunguka kwa nyuma, njia ndefu ya korongoni.

Mwaka 2002 mwalimu kijana aitwaye Constantine, aliyehamia shule ya kule kijijini kwao Jilala, alileta suruali yake ipunguzwe. Katika mazungumzo Nyanjige akamuuliza kama anamfundisha Goodness Jilala, darasa la pili.

"Sina Goodness," mwalimu alisema. "Nina Kabula Jilala. Mtoto mwenye akili sana."

Mkasi ukasimama. "Kabula? Na mama yake kaandikwa nani?"

"Nadhani Felisita. Kwani vipi, mama?"

Nyanjige alimaliza kupunguza ile suruali. Alishona pindo lote, akakata uzi kwa meno, akamkabidhi. Kisha akamwambia, "Mwalimu, Jumatatu nitakuja ofisini kwako. Na nitakuja na kadi ya kliniki."

Alikwenda. Mwalimu Constantine aliipokea kadi, akaigeuza huku na huku, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa na daftari la mahudhurio. Kisha akatuma mtoto aitwe. Goodness aliingia, akamwona aliyekaa kwenye kiti, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango.

"Usiogope," mwalimu alisema. "Nataka unisomee hapa. Si unajua kusoma?"

Mtoto alisogea kwa sababu ni mwalimu aliyemwita. Jina la mtoto lilimshinda kwa kuwa ni la Kizungu, mwalimu akamsaidia. Mstari uliofuata aliusoma mwenyewe, kidole kikifuata: "Ji-na la ma-ma. Nya-nji-ge Ma-ho-na." Akatazama vinukta vya wino vilivyopanda na kushuka kwenye kadi. "Na hivi?"

"Ni uzito wako," Nyanjige alijibu. "Kila mwezi ulipimwa. Hapa ulipata surua ukapungua. Hapa ukarudi."

"Nani alinipeleka?"

"Mimi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Mgongoni."

Mtoto alifikiri. Alikuwa na miaka minane, na alifikiri kama hakimu. Mwisho akauliza, bila kumtazama, "Kwa hiyo hukunitupa kwenye shamba la pamba, mayu Felisita akaniokota?"

Nyanjige alinyanyuka akaenda dirishani. Alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, maana kama asingezishika angetoka mbio mpaka kwenye nyumba ile na kuichoma moto na wote waliomo. Mwalimu akamjibu mtoto kwa niaba yake: "Hakukutupa."

Tangu hapo, Jumamosi mahindi yakiwa yanasagwa, Goodness alikaa kibarazani akiokota pini. Hakumwita mama. Hakumwita kitu chochote. Aliuliza maswali: surua ikoje, Elia alikuwa anapimwa pia, fisi wanalala wapi. Habari zikafika nyumbani, na siku moja ya mnada bibi Milembe akaja mwenyewe, fimbo mkononi, sauti ikiwa imetangulia.

"Mchawi wewe! Umeona kuwaroga wakubwa hakutoshi, umekuja kutuchukulia na mtoto!" Alimshika Goodness mkono akavuta. Goodness akakumbatia mguu wa chuma wa cherehani. Bibi akavuta tena. Cherehani ikatetemeka, mtoto hakuachia.

Watu walikwisha kujaa. Nyanjige akasimama. Hakuwa amepaza sauti hadharani tangu siku za mizani ya Dutwa.

"Mwacheni mkono, Mayu. Leo nitasema, na hawa wote wasikie. Mnasema mimi mchawi. Nani kati yenu niliyemroga? Nimewashonea watoto wenu sare mwaka wa pili sasa. Kuna aliyeota mkia? Mahakama ilisema watoto wakae na mimi. Mkasema wamekataa. Huyu alikuwa na miaka mitano! Mkambadilisha jina. Mkafuta jina langu kwenye daftari la shule kana kwamba nimekufa. Mkamwambia nilimtupa kwenye pamba kama panya. Mkamfundisha mwanangu wa kiume maneno ya kunivua nguo mbele ya hakimu, mtoto hajui hata maana yake! Ng'ombe ishirini na wawili! Mngeniambia mnataka ng'ombe zenu, ningeziswaga mwenyewe kwa miguu kutoka Ngulyati. Hamkutaka ng'ombe. Mlitaka nilie. Basi nitazameni vizuri, silii!"

Wala hakuwa akilia. Mwanamke mmoja muuza dagaa akasema kwa sauti, "Bibi, si umwache mtoto, hujaona amejishikia mwenyewe?" Na mwingine akasema hivyo hivyo. Bibi Milembe aliangalia nyuso zile, akaachia mkono, akaondoka akitukana mpaka mwisho wa soko.

Mwalimu Constantine aliandika barua kwenda mahakamani akiambatanisha nakala ya kadi na ukurasa wa daftari. Safari hii mtoto alisikilizwa peke yake, mlango umefungwa, na safari hii alikabidhiwa hapo hapo mbele ya askari wa kike. Mwezi wa sita Nyanjige alirudi Bariadi na cherehani na Goodness. Yalipita karibu majuma mawili kabla mtoto hajalala bila kuwekea mlango kigoda kwa ndani. Lilipita jingine kabla hajasema, kwa bahati mbaya, akiwa ameshughulika na sufuria, "Mama, chumvi iko wapi?"

Elia alibaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alisema hataki, na hakimu hakuweza kumlazimisha. Nyanjige alimwandikia barua kila mwezi, hazikujibiwa. Kisha, mwaka 2004, kijana alifaulu kuingia sekondari karibu na Bariadi, na Jumapili moja akasimama nje ya wigo wa mama yake, mrefu, sauti imevunjika, kofia mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ingia."

Hakuingia. Alisema alichokuja nacho akiwa pale pale nje, haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Nilijua ni uongo. Siku ile mahakamani nilijua. Baba alisema nisiposema, atafungwa na sisi tutapelekwa kwa watoto yatima. Nikasema, na bado akafungwa. Baadaye nikawa naona haya kukutazama. Pale Mwandoya nilikuwa nakuona kila siku kutoka korongoni."

Miaka mitano Nyanjige alifikiri mwanawe anamchukia. Kumbe mtoto wa miaka kumi alibebeshwa uongo wa mtu mzima, akautema kwa kinywa chake mwenyewe, na aibu ya ule uongo ikamkalia yeye badala ya kumkalia mwenye nao. Alitoka nje ya wigo akamshika kijana mabega. Alikuwa anatetemeka, na Elia alidhani ni kilio. Ilikuwa ghadhabu, mpya kabisa, kubwa kuliko ile ya stendi.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, Jilala alipokuja na wazee wa kumwombea yaishe, hawakumkuta laini. Mnunuzi wake wa pamba alikuwa amefunga virago, pikapu imekufa, Felisita amerudi kwao. Alikaa kwenye mkeka akitazama vidole vyake. Mzee Athanasi wa parokia ndiye aliyesema. "Binti, watoto umewapata. Mungu amekutendea. Sasa msamehe mwenzio ili na yeye apumzike."

"Nitamsamehe leo hii," Nyanjige alisema. "Nina sharti moja. Elia yuko hapo nyuma anapasua kuni. Namwita. Jilala amwambie mbele yenu: nilikufundisha uongo, kosa lilikuwa langu, halikuwa lako. Basi. Sitaki kingine."

Wazee wakamgeukia Jilala. Shoka lilisikika mara tatu, mara nne. Jilala akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Goodness akamletea maji kwa adabu zote, akapiga goti, akampa. Akanywa akamaliza, akarudisha kikombe. Hakusema.

"Mmeona, wazee wangu," Nyanjige alisema akisimama. "Chai iko tayari, kunyweni. Lakini hilo jingine hapana."

Mzee Athanasi alianza kusema habari za moyo mgumu na hukumu ya mwisho. Nyanjige akamjibu kwamba hukumu anazijua, anazo tatu kabatini zenye mihuri, akaenda kumalizia mashati ya watu.